Wavu utalala wapi? Mwongozo kamili wa kulinganisha njia za kuziba ngiri ya ukuta wa tumbo

"Mama, mnaniwekea mustikeri mu tumbo?" Tangu nianze kusimamia vyombo katika chumba cha upasuaji hapa Goma, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hilo la mustikeri, yaani chandarua. Mgonjwa amelala mezani, ametazama taa, mkono umefungwa seramu, na kinachomsumbua ni ule wavu mweupe alioonyeshwa na daktari. Mimi humjibu kwamba ni wavu kweli, wa nyuzi za plastiki zisizooza, na kwamba nyama yake mwenyewe itaota kupitia matundu yake mpaka viwe kitu kimoja.

Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: wavu huo utalala kati ya nini na nini? Ningependa kila mgonjwa aende nalo kwa daktari wake, kwa sababu wavu uleule, wa bei ileile, ukilazwa tabaka moja juu au chini, matokeo hubadilika. Ngiri, yaani utumbo au mafuta ya ndani kutokeza kupitia tundu la ukuta wa tumbo, hurudi au hairudi, jeraha hujaa maji au hukauka, utumbo hunasa au husalimika. Mwongozo huu nauandika kwa mgonjwa na familia yake, na pia kwa mwanafunzi wa udaktari anayeanza zamu zake za kwanza.

Goma tunaziona ngiri hizi kwa wingi. Wapo kina mama waliopasuliwa sezariani mara mbili au tatu kwa mkato wa wima, kisha wakarudi kubeba mizigo. Wapo vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanaosukuma magunia ya makala (makaa) na viazi katika barabara ya mawe ya volkano. Na wapo waliofunguliwa tumbo kwa sababu ya risasi: hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imesaidia upasuaji wa majeruhi kwa miaka mingi, si mgeni wa matumbo yenye kovu refu. Kovu refu ndilo mlango mkubwa wa ngiri.

Hatua ya 1: Ujue ukuta wenyewe

Mwanafunzi akija, mimi huchukua kitambaa cha kijani cha upasuaji, nikakikunja mara kadhaa, nikamwambia aingize vidole kati ya mikunjo. Ukuta wa tumbo ndivyo ulivyo. Kutoka nje kwenda ndani, pembeni kidogo ya kitovu, unakuta ngozi, kisha mafuta, kisha ala ya mbele ambayo ni utando mgumu mweupe. Chini yake uko msuli mnyoofu unaoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani, kisha ala ya nyuma, mafuta membamba, na mwishowe peritoneo, ule utando laini unaoteleza. Nyuma ya peritoneo ni matumbo.

Misuli hiyo iko miwili, kulia na kushoto, na katikati ala zake zinaungana kuwa mstari mweupe. Hapo ndipo mikato mingi ya wima hupita, na hapo ndipo ngiri za kitovu, za juu ya kitovu na za kovu hutokea. Jambo moja ambalo wanafunzi husahau: sentimita chache chini ya kitovu ala ya nyuma inakoma. Kutoka hapo kwenda chini, nyuma ya msuli kuna utando mwembamba na peritoneo tu. Anayepasua bila kulikumbuka hili hutoboa peritoneo akishangaa.

Hatua ya 2: Pima tundu, usipime uvimbe

Uvimbe unaweza kuwa mkubwa kama embe huku tundu likiwa la vidole viwili. Tundu ndilo linaloamua njia. Daktari hukulaza chali, hukuomba uinue kichwa bila kutumia mikono, kisha hupapasa kingo za tundu. Ekografi husaidia mgonjwa akiwa mnene au tundu likiwa dogo. Kwa ngiri kubwa ya kovu, skana ikipatikana ni ya thamani, maana huonyesha misuli imeachana kiasi gani na nini kimeingia kwenye mfuko.

Kwa ngiri ya kovu wapasuaji hugawanya upana hivi: chini ya sentimita 4, kati ya 4 na 10, na 10 kwenda juu. Andika namba hiyo. Utaihitaji mbele.

Ukisubiri upasuaji na ngiri ikawa ngumu, ikauma, ikakataa kurudi ndani, na ukaanza kutapika au kushindwa kutoa hewa kwa nyuma, usiilazimishe kwa mkono na usingoje kesho. Utumbo umebanwa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 3: Wavu au uzi mtupu?

Kwa tundu dogo sana la kitovu, chini ya sentimita 1, uzi peke yake bado unakubalika. Zaidi ya hapo, ushahidi uko upande wa wavu. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2000 lilifuatilia wagonjwa wa ngiri ya kovu kwa miaka 3: walioshonwa kwa uzi ngiri ilirudi kwa 43%, waliowekewa wavu 24%. Walipofuatiliwa hadi miaka 10, matokeo ya 2004 yalionyesha 63% dhidi ya 32%. Kwa ngiri ya kitovu ya sentimita 1 hadi 4, jaribio la 2018 lilipata 12% kwa uzi na 4% kwa wavu.

Soma tena ile 32%. Hata wenye wavu, karibu mmoja kati ya watatu ngiri ilirudi baada ya muda mrefu. Ndiyo maana mahali pa kuulaza pana uzito.

Hatua ya 4: Linganisha mahali pa kulaza wavu

Kabla ya yote, tahadhari ya majina. Utasikia onlei, inlei, sublei, na mara nyingine daktari mmoja akisema sublei anamaanisha nyuma ya msuli na mwenzake anamaanisha ndani kabisa ya tumbo. Mchanganyiko huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2020 kundi la wapasuaji wa kimataifa lilikubaliana majina ya matabaka. Kwa hiyo usiridhike na jina. Uliza "kati ya nini na nini?"

Juu ya ala ya mbele, chini ya mafuta. Mpasuaji anafunga tundu kwa uzi, anayabandua mafuta kutoka kwenye ala sentimita kadhaa kila upande, analaza wavu juu yake na kuushona pembezoni. Ni njia ya haraka, haigusi matumbo kwa wingi, na daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuifanya vizuri. Ubaya wake uko katika kule kubandua: panabaki nafasi tupu inayojaa majimaji, na mishipa midogo inayolisha ngozi hukatwa, hivyo ngozi ya katikati inaweza kufa. Jeraha likiota usaha, wavu uko hapohapo chini ya ngozi. Kwa mgonjwa mwembamba asiye na sukari ni njia ya heshima. Kwa mama mnene mwenye sukari, mimi huwa na wasiwasi nikiona ndiyo inayoandaliwa.

Ndani ya tundu lenyewe, wavu ukishonwa kingo kwa kingo kama kiraka cha suruali. Ngiri hurudi sana, kwa sababu uzito wote unabebwa na mshono. Ikiwa hiyo ndiyo njia unayoambiwa, na tundu lingeweza kufungwa, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Nyuma ya msuli, mbele ya ala ya nyuma. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo njia ambayo miongozo ya kimataifa huipa kipaumbele kwa ngiri ya kovu ya katikati ikipasuliwa kwa mkato wa wazi. Ilikuzwa na Wafaransa wawili, Jean Rives wa Reims na René Stoppa wa Amiens, na wapasuaji wetu waliosomea kwa Kifaransa huiita kwa majina yao.

Ukisimama mezani, inakwenda hivi. Kovu la zamani linafunguliwa, mfuko wa ngiri unatafutwa, na matumbo yaliyonasa yanaachanishwa taratibu. Hapa mkono wenye haraka ni hatari. Kisha ala ya nyuma inakatwa kwa urefu karibu na ukingo wake wa ndani, na msuli mwekundu unajitokeza. Mpasuaji anaingiza kidole au pamba, anautenga msuli na ala ya nyuma kuelekea pembeni. Nafasi hiyo ikipatikana sawasawa hufunguka karibu bila damu, kama kurasa mbili za kitabu kipya. Mishipa ya damu inayopanda nyuma ya msuli lazima ibaki imeshikamana na msuli, isiachwe sakafuni. Pembeni kabisa, zinapoingia neva na mishipa midogo ya msuli, anasimama. Akizikata, msuli utanyauka.

Kisha ala ya nyuma inashonwa kulia na kushoto pamoja kwa uzi unaoyeyuka polepole, na kila tundu la peritoneo linazibwa. Wavu unatandazwa juu ya sakafu hiyo, bila mkunjo, ukiwa umeshikwa kwa nyuzi chache tu au bila uzi kabisa. Dreni, mrija wa kutolea majimaji, mara nyingi inawekwa. Mwisho ala ya mbele inafungwa juu ya wavu.

Kwa nini ni imara? Mwangalie kwado wa barabarani anapoziba tairi la gari. Kiraka anakibandika kwa ndani, ili upepo wa tairi ukisukuma ukikandamize dhidi ya mpira. Angekibandika nje, upepo uleule ungekibandua. Mama akikohoa au akiinua ndoo, shinikizo la tumbo linausukuma wavu dhidi ya msuli na kuushikilia. Pia msuli una damu nyingi, kwa hiyo nyama huota haraka kwenye wavu, na vijidudu vya ngozi viko mbali. Wavu haugusi utumbo, hivyo wavu wa plastiki ya kawaida iitwayo polipropileni, wa bei nafuu, unatosha. Gharama yake ni muda mezani na mkono uliofundishwa.

Mbele ya peritoneo, nyuma ya ala ya nyuma. Hii ndiyo ninayoipenda kwa ngiri ya kitovu ya sentimita 1 hadi 4. Mkato mdogo chini ya kitovu, peritoneo inasukumwa ndani kwa kidole, wavu wa duara unatandazwa hapo, tundu linafungwa juu yake. Peritoneo ni nyembamba na huchanika, nayo ikichanika ishonwe kabla ya wavu kuwekwa.

Ndani ya tumbo, nyuma ya peritoneo. Kwa kawaida hufanywa kwa laparoskopi, kamera na vijitundu vichache. Karl LeBlanc wa Marekani alichapisha visa vya kwanza mwaka 1993. Jeraha ni dogo, usaha ni haba, na kwa mgonjwa mnene faida hiyo inaonekana. Lakini wavu unatazamana na matumbo. Polipropileni tupu hairuhusiwi hapo, kwa sababu utumbo hujinata nayo na baada ya miaka inaweza kuutoboa na kufanya fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayovujisha uchafu wa utumbo. Unahitajika wavu wa pande mbili, upande wa utumbo ukiwa na tabaka la kuzuia kunata, na bei yake ni mara nyingi ya ule wa kawaida. Unahitaji pia gesi ya kaboni dayoksaidi, umeme usiokatika na mtu anayejua kutambua utumbo uliojeruhiwa kwa bahati mbaya, maana jeraha la aina hiyo likipita bila kuonekana linaua. Na siku utakapohitaji upasuaji mwingine wa tumbo, daktari atalazimika kupita katika wavu huo.

Tundu la sentimita 10 na zaidi ni habari nyingine. Mara nyingi kingo hazikutani bila kuachanisha matabaka ya misuli ya pembeni. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kwa timu inayofanya kazi hiyo mara kwa mara, hata kama ni safari ya kwenda mji mwingine.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya ukubwa wa wavu

Wavu unapaswa kuvuka ukingo wa tundu kila upande. Kwa ngiri ya kitovu ya sentimita 1 hadi 4, angalau sentimita 3. Kwa ngiri ya kovu, angalau 5. Tundu la upana wa 6 na urefu wa 9 linahitaji basi wavu wa 16 kwa 19. Chukua namba uliyoandika katika hatua ya 2 na ufanye hesabu hiyo pamoja na daktari.

Nimewahi kuona, mahali nisipopataja, wavu mmoja ukikatwa vipande viwili ili utoshe wagonjwa wawili wasio na uwezo. Nia ilikuwa njema. Mmoja wao alirudi ngiri ikiwa imetokeza ubavuni mwa kiraka, pale hasa ambapo sentimita zilikosekana. Familia ikiombwa kuchangia, ichangie ukubwa unaofaa kabla ya kufikiria chapa ya kifahari.

Hatua ya 6: Wavu wa nini?

Polipropileni yenye matundu mapana, zaidi ya milimita 1, huruhusu nyama kuota na askari wa mwili kupita kufukuza vijidudu. Wavu mzito wenye matundu finyu huwa mgumu kama karatasi ya sanduku.

Kuhusu mustikeri yenyewe, habari ni ya kweli. Jirani zetu Uganda, jaribio lililochapishwa 2016 kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena lililinganisha wavu wa kiwandani na wavu wa bei ya chini uliotokana na kitambaa cha chandarua. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu upande wa chandarua, na kwa yeyote upande wa pili haikurudi. Lakini kitambaa kile hakikuwa na dawa ya mbu, kiliandaliwa na kuchemshwa kwa mashine ya mvuke kwa utaratibu maalum, na ngiri zilikuwa za kinena, si za kovu. Tafadhali usimpelekee daktari chandarua cha kutoka madukani mtaa wa Birere. Chenye dawa ni sumu ndani ya mwili.

Hatua ya 7: Oanisha njia na hospitali na mgonjwa

Hapa maoni yangu ni ya wazi: mpasuaji anayefanya njia ya juu ya ala mara nyingi na vizuri ni salama kuliko yule anayejaribu nyuma ya msuli kwa mara ya kwanza bila mwalimu. Muulize amefanya ngapi. Daktari mzuri hachukii swali hilo. Uliza pia kama kuna jenereta, damu ya akiba, na nani atakuangalia usiku.

Utumbo uliobanwa ukibidi kukatwa, uwanja umechafuka, na wapasuaji hutofautiana: wengine hushona kwa uzi tu na kuahidi wavu baadaye, wengine huweka polipropileni nyuma ya msuli. Kuweka wavu ndani ya tumbo katika hali hiyo sikushauri.

Mama anayetaka kuzaa tena, na ngiri yake ni ndogo isiyosumbua, kwa kawaida hushauriwa angoje mimba ya mwisho ipite. Tumbo la mimba huvuta kila kitu.

Hatua ya 8: Jiandae

Acha sigara wiki 4 hadi 6 kabla. Sukari ishuke na ikae chini. Kikohozi cha muda mrefu kitibiwe kwanza, pimwa kifua kikuu. Moshi wa jikoni la makala nao hukohoza, hivyo pika nje au mwachie mwingine jiko. Choo kigumu na mkojo wa kusukuma kwa wazee vitafutiwe dawa, kwa sababu kila msukumo ni nyundo kwenye mshono mpya. Uzito ukipungua hata kidogo, ni faida.

Na wewe mwanafunzi, ngiri ya kovu huanza siku tumbo linapofungwa mara ya kwanza. Jaribio la 2015 lilionyesha kwamba mishono midogo, milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati yake, ilishusha ngiri za mwaka wa kwanza kutoka 21% hadi 13% ikilinganishwa na mishono ya sentimita 1. Uzi ni wa aina ileile, ila mwembamba zaidi. Kinachoongezeka ni dakika chache za subira.

Hatua ya 9: Baada ya upasuaji

Tembea siku hiyo au kesho yake. Ukikohoa, kandamiza jeraha kwa mto. Mkanda au kitenge kilichofungwa hupunguza maumivu, ila hakizuii ngiri kurudi. Usibebe mzigo mzito wiki 4 hadi 6, na kwa ngiri kubwa daktari anaweza kukuongezea hadi miezi 3. Kijana wa chukudu namwambia mbele ya mke wake: wiki hizo chukudu ikodishwe kwa mwenzako, usiikaribie hata "kusaidia mteremko".

Uvimbe laini usio na homa mara nyingi ni maji, na mwili huyanyonya kwa wiki kadhaa. Usikubali mtu wa dispensari auchome sindano, kwani sindano hupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye wavu. Wekundu unaotambaa, joto, usaha, homa au kutapika ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Dai karatasi

Mama mmoja alitujia na jeraha linalotoa usaha, miaka 2 baada ya kupasuliwa mahali pengine. Alijua amewekewa wavu, basi. Hakuwa na karatasi yoyote. Mpasuaji wetu aliufuata usaha tabaka kwa tabaka, akiwa hajui kama wavu uko juu ya ala au umekaa juu ya utumbo, na kila alipokata alisimama kufikiri. Tulikaa saa nne. Mstari mmoja wa maandishi ungetupunguzia kazi hiyo kwa nusu.

Kwa hiyo usitoke hospitali bila protokoli ya operesheni, yaani ripoti ya upasuaji wako, na uisome kabla ya kusaini kutoka. Iandike tarehe, upana na urefu wa tundu, aina na ukubwa wa wavu, umelala kati ya nini na nini, umeshikwa kwa uzi gani, na kama tundu limefungwa. Ile stika inayotoka kwenye pakiti ya wavu ibandikwe hapo. Piga picha kwa simu, mtumie ndugu mmoja, na karatasi yenyewe uiweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yako ya uchaguzi.